Annalena Tonelli na Hesabu ya Wagalla

Ni desturi ya kijarida chetu, kila kinapotoka, kueleza maisha ya mtu mmoja katika waliotangulia, ili msomaji apate kipimo cha kujipimia nafsi yake. Aghalabu huwa twachagua mwanachuoni, au kadhi mwadilifu, au mfanyabiashara mwaminifu katika wazee wetu. Mara hii tumemchagua mwanamke aliyezaliwa Ulaya, asiyekuwa wa dini yetu, aliyeishi Wajir miaka mingi na akauawa Borama mwaka 2003. Jina lake ni Annalena Tonelli.

Tulipolitaja jina hili katika darsa yetu, ndugu mmoja alituuliza kama tumekosa Muislamu wa kumweleza. Swali lake lastahili jawabu kabla hatujaenda mbele. Kila aliyesoma sira ajua habari ya mapatano ya Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake. Akazinunua Al-As bin Wail, mtu mkubwa wa Kikureshi, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo baadhi ya watu wa Makka walipokutana nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an wakaahidiana kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake. Mtume wetu alikuwapo katika kikao kile naye ni kijana, kabla ya kupewa utume. Na baada ya utume aliyasifu mapatano yale, na akaeleza kuwa lau angeitwa katika Uislamu kwa jambo kama lile angeitika. Waliopatana hawakuwa Waislamu, lakini haki waliyoisimamia ilikuwa haki. Basi habari ya bibi huyu na Mola wake ni ya Mola wake. Sisi twaeleza yale aliyoyafanya mbele ya macho ya watu, na yale yanayotupasa sisi kwa ajili yake.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Bibi Annalena alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, nchi ya Italia. Alisoma ilimu ya sheria mpaka akapata shahada. Tangu ujana wake alikuwa akienda kuwatumikia maskini wa mji wake, na aliendelea hivyo miaka yote ya masomo yake. Mtu mwenye shahada kama ile alikuwa na njia wazi ya kupata cheo na mali, yeye hakuifuata. Mwaka 1969 alisafiri akaja Kenya, naye umri wake haujatimia miaka 27. Hakuwa mtawa wa jamii yoyote ya kanisa, wala hakutafuta mshahara. Matumizi yake na ya wagonjwa wake mengi yalitoka kwa jamaa na rafiki zake wa Forlì, nao walidumu kumsaidia mpaka alipokufa.

NCHI ALIYOIINGIA

Wasomaji wetu wa pwani wazijua ng'ombe za Garissa, kwani soko lake la mifugo ni katika masoko makubwa ya Afrika ya Mashariki. Lakini si wengi wanaojua sheria zilizotumika kwa wenye mifugo hiyo. Tangu zama za Waingereza upande ule wa kaskazini ulikuwa umefungwa. Mtu wa nje hakuingia ila kwa ruhusa, na mwenyeji naye aliwekewa mipaka ya kutembea na kuchunga. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Disemba 1963. Na tarehe 28 ya mwezi ule ule Mkoa wa Kaskazini Mashariki ukatangaziwa hali ya hatari, kwa sababu ya vita vya wale waliotaka kuungana na Somalia. Vita vile vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1970 ilipitishwa tena sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishitakiwe kwa yale waliyoyafanya huko katika miaka ya vita.

Twamwomba msomaji alitazame jambo hili vizuri. Mtu wa Mombasa au wa Nakuru akishikwa, alikuwa na mahakama ya kwenda kulalamika. Mtu wa Garissa, Wajir au Mandera aliishi karibu miaka 28 chini ya kanuni nyingine, ilhali wote ni raia wa nchi moja. Na katika kanuni zile lilikuwamo jambo ambalo kila sharia ya haki yalikataa, nalo ni kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Mwezi wa Novemba 1980 maofisa wa serikali waliuawa mjini Garissa. Na jawabu lake likawa kuchomwa moto mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wake kukusanywa katika uwanja wa shule wakazuiliwa hapo. Wako waliouawa, na wako waliopoteza nyumba na maduka yao, ambao hawakumjua aliyefyatua risasi wala hawakumwona.

KAZI YAKE WAJIR

Katika nchi hiyo ndipo alipokaa Bibi Annalena. Alianza kwa kusomesha. Kisha aliona ya kuwa watu wengi wanakufa kwa kifua kikuu, na ya kuwa wagonjwa hao wanaepukwa hata na jamaa zao. Mwaka 1976 alikabidhiwa kazi ya majaribio ya Shirika la Afya Duniani ya kuwatibu wafugaji wanaohamahama.

Ugumu wa kazi ile ulikuwa huu. Dawa za kifua kikuu wakati ule zilikuwa zikinywewa mwaka mzima au zaidi, na mgonjwa akiziacha kabla ya muda wake ugonjwa humrudia, na pengine dawa haimfai tena. Mfugaji naye hawezi kukaa mahali pamoja. Mvua ikinyesha mbali, ngamia huondoka, naye huondoka nao. Kwa hivyo wagonjwa walialikwa wapige vibanda vyao, kama vile wavipigavyo malishoni, karibu na mahali pa matibabu. Wakakaa hapo muda wa miezi sita, wakinywa dawa kila siku mbele ya mwenye kuwaangalia mpaka wapone. Kwa njia hiyo muda wa matibabu ulipunguzwa, na idadi ya waliopona iliongezeka sana. Njia ya kumnywesha mgonjwa dawa mbele ya shahidi baadaye ilienea katika nchi nyingi za dunia.

Twaona katika kazi hii mambo mawili. La kwanza ni amana: kila kidonge kilikuwa na mwenyewe, na kila mgonjwa alikuwa na jina lake na siku zake zilizoandikwa. La pili ni kuwa bibi huyu hakuwaita watu wayaache maisha yao ndipo awatibu. Aliyatazama maisha yao kwanza, kisha akaitengeneza tiba iyafuate. Mtu aliyezoea kuandika jina la kila mgonjwa hawezi kuvumilia watu wafe bila ya kuandikwa. Hili ndilo lililodhihiri mwaka 1984.

WAGALLA

Mwanzoni mwa mwaka 1984 palikuwa na mapigano baina ya koo za Degodia na Ajuran katika wilaya ya Wajir, na serikali ilitaka Wadegodia wasalimishe silaha. Tarehe 10 Februari askari walianza kuwakamata wanaume wa ukoo ule, mijini na malishoni. Hawakutazama nani ana bunduki na nani hana. Waliwachukua wafugaji, wenye maduka na hata waajiriwa wa serikali yenyewe. Wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka mji wa Wajir, wakatiwa ndani ya ua wa waya. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juu ya ardhi yenye moto, wakanyimwa chakula na maji siku baada ya siku. Wako waliokufa kwa kiu na jua, wako waliokufa kwa kupigwa, na wako waliopigwa risasi walipojaribu kukimbia. Kisha maiti wengi walichukuliwa kwa magari wakatupwa mwituni, na majeruhi wakiwa pamoja nao.

Habari zilipofika mjini, Bibi Annalena alitoka na gari pamoja na wanawake wa Wajir na wengine wachache waliothubutu, wakaingia mwituni kuwatafuta waliokuwa wangali hai. Waliwachukua majeruhi wakawatibu, na waliokufa wakawazika kadiri walivyoweza. Na hapo alifanya jambo ambalo kwa macho ya watawala lilikuwa kosa kubwa zaidi kuliko kutibu: alihesabu. Aliandika majina ya waliouawa, na picha za maiti zikapigwa. Kisha akazipeleka habari hizo kwa mabalozi wa nchi za kigeni, ili jambo lile lisizikwe pamoja na wenyewe.

Serikali ilitangaza ya kuwa waliokufa ni watu 57. Mbunge wa Wajir Magharibi, marehemu Ahmed Khalif, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri akafa katika ajali ya ndege huko Busia Januari 2003, alisimama Bungeni mwaka ule ule wa 1984 akaeleza kuwa waliokufa ni mamia. Kusema hivyo katika siku zile, wakati nchi ina chama kimoja na mkoa uko chini ya hali ya hatari, halikuwa jambo jepesi. Twamwombea rehema, kwani alitoa ushahidi mahali ambapo ushahidi ulikuwa na gharama.

KWA NINI HESABU ILIKUWA HAKI

Huenda msomaji akasema ya kuwa waliokufa wamekwisha kufa, na kuwahesabu hakuwarudishi. Sisi tuliosoma fikihi twajua ya kuwa sivyo. Maiti ana haki zake: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Deni alilokuwa nalo lalipwa katika mali yake, na wasia wake watekelezwa, na kinachobaki wagawanyiwa warithi. Mkewe yampasa akae eda, kisha awe huru kuolewa. Yote haya yasimama juu ya jambo moja, nalo ni kuthibiti ya kuwa mtu yule amekufa, na lini.

Mtu asipojulikana kuwa yu hai au amekufa, huitwa mafqudi. Mali yake haigawanywi mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu, na mkewe hukaa katika shaka, si mjane wala si mwenye mume. Ngamia wake hawajulikani ni wa nani, na wanawe si mayatima kwa hukumu ingawa ni mayatima kwa hali. Basi anayesema kuwa wamekufa 57, ilhali waliokufa ni mamia juu ya mamia, hakusema uwongo wa tarakimu tu. Kila jina aliloliacha nje amelinyima kafani, amemnyima mjane eda yake, amemnyima mtoto urithi wake, na amemnyima mwenye kudai deni mlango wa kudai. Dhulma ya kwanza ilifanywa kiwanjani kwa siku chache. Ya pili ilifanywa kwa kalamu, ikadumu miaka mingi.

Twadhani mwanamke aliyesoma sheria alilifahamu hili kuliko wengi wetu. Orodha yake ya majina ilikuwa ni hati ya haki za watu.

KUTOLEWA NCHINI NA KUFA KWAKE

Malipo yake yalikuwa kukamatwa na kutishwa, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya baada ya miaka kama 15. Hakurudi Ulaya akapumzika. Alikwenda Somalia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alikuwa Mogadishu na kisha Marka, akilisha wenye njaa na kutibu wagonjwa, katika mji ambao wenye bunduki ndio waliokuwa serikali. Alipoondoka Marka alifuatiwa na daktari wa Kiitaliano, Graziella Fumagalli, naye akauawa huko mwaka 1995.

Mwaka 1996 Bibi Annalena alifika Borama, kaskazini ya magharibi. Hapo alijenga hospitali ya kifua kikuu iliyokuja kuwa na vitanda 250, akafungua shule ya watoto viziwi, akaleta madaktari wa macho, na akashirikiana na wenyeji na watu wa dini katika kupinga ukeketaji wa wasichana. Wako waliomchukia kwa kuwatibu wagonjwa wa ukimwi, wakidhani ya kuwa yeye ndiye aletaye ugonjwa mjini. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa Nishani ya Nansen. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Oktoba 2003 usiku, watu wenye silaha walimpiga risasi ndani ya hospitali yake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 60, na zaidi ya nusu ya maisha yake aliishi katikati ya Waislamu.

Tuseme wazi ili asije mtu akatudhania vingine: kumuua mtu wa namna hii, aliyeingia nchini kwa amani, akala na wenyeji na kuwatibu, ni khiyana. Dini yetu imeharimisha kumvunjia ahadi mwenye kupewa amani, na asiyelikiri hili na arudi kwenye vitabu.

HESABU ILIVYODHIHIRI

Yale aliyoyaandika hayakupotea. Mwaka 2000 serikali ya Kenya ilikiri hadharani ya kuwa askari wake walikosa katika jambo la Wagalla. Kisha iliundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na vikao vyake vya hadhara vilianzia Garissa mwezi wa Aprili 2011, mji ule ule wa Bulla Kartasi. Wazee waliosalimika na wajane walisimama mmoja mmoja wakaeleza. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 ilisema ya kuwa waliokufa Wagalla ni karibu watu 1000. Na wenyeji husema ni zaidi ya hapo. Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhulma zilizofanywa na serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 za kuwafariji waliodhulumiwa.

Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini hakuna ofisa aliyehukumiwa mahakamani kwa Wagalla, na wajane wengi wamekufa wangali wakingoja. Katika sharia radhi ya mdhulumu haiondoi haki ya aliyedhulumiwa, ila mwenyewe akisamehe kwa hiari yake baada ya haki kujulikana.

YATUPASAYO SISI

Ndugu msomaji, usidhani ya kuwa tumeiandika habari hii ili tuilaumu serikali peke yake. Watu wa pwani walikuwa wakila nyama ya ng'ombe waliotoka upande ule, na misikiti yetu ilikuwa ikiswaliwa na Waislamu wa upande ule. Siku zile za Wagalla habari zilifika, zikanong'onwa barazani, kisha baraza ikageuza maneno. Wazee wetu walikuwa na hofu, na hofu yao ina udhuru. Sisi tulio wana wao hatuna hofu ile, je, tuna udhuru gani?

Tena kila mmoja wetu ana Wagalla yake ndogo. Mwenye duka ana daftari, na ndani yake yamo madeni ya watu wasiojua kusoma. Msimamizi wa wakfu ana hesabu ya kodi za nyumba ambazo wenye haki nazo ni mafakiri na mayatima. Tajiri ana vibarua, na ajua saa walizofanya kazi na saa alizowalipa. Mzee wa ukoo akiulizwa na kadhi, ajua warithi ni wangapi, na pengine humsahau mtoto wa mke aliyeachwa. Tarakimu iliyopunguzwa katika daftari haitofautiani kwa asili na tarakimu iliyopunguzwa katika tangazo la serikali. Inatofautiana kwa ukubwa tu. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwe mashahidi wa haki ingawa ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu, na ametukataza kuuficha ushahidi.

Bibi yule hakuwa na bunduki, wala cheo, wala ukoo katika Wajir. Alikuwa na karatasi na kalamu, na alikuwa na moyo wa kuandika alichokiona kama alivyokiona. Vitu viwili vya kwanza viko katika kila nyumba ya wasomaji wetu. Cha tatu twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku, awarehemu Waislamu waliouawa Wagalla na Bulla Kartasi, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana ila Kwake, na awape subira na haki waliobaki nyuma yao.

Wabillahi taufiki.